Kovu Ndani ya Kiwambo

Jumapili, 12 Mei 1985

Alima binti yangu amenunua daftari la mistari, la mtoto wa darasa la nne, akaniuliza nataka kuandika nini kwa umri huu. Nikamwambia: hali ya hewa. Hakuamini, lakini alinipa na kalamu mbili.

Basi. Mvua imekwisha tangu mwezi uliopita. Nyasi nyuma ya nyumba zimeanza kuwa na rangi ya ngozi ya simba. Mimi ni Abibu, fundi mkerezaji wa vyuma, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Baba yangu alitoka Kasongo na kunifunza Kiswahili cha vitabu. Mafrere, watawa wa shule ya ufundi, wakanifunza Kifaransa na vipimo. Daktari amesema mapafu yangu yamechoka. Hakutaja miezi, ila alimtazama Alima kabla ya kunitazama mimi. Ninaomba kuisikia mvua ya kwanza ya Oktoba juu ya bati. Kati ya leo na siku hiyo kuna jambo moja la kusema, na sijui kama kinywa kitakubali.

Mchana alikuja Kasonde, mwindaji, jirani yetu hapa mtaa wa Bel-Air kwa miaka ishirini.

"Muzee Abibu, uko?"

"Niko. Ningekuwa wapi?"

"Bantu banasema uko karibu kuenda."

"Bantu iko na haraka. Ikala."

Alikaa, akafungua kitambaa juu ya magoti yake. Ndani vilikuwemo viwambo viwili vya kuzima mlio wa bunduki, vile wanavyoviita hapa silencieux. Injinia ambaye Kasonde alimlindia nyumba alirudi kwao Ulaya akamwachia.

"Bijou ataolewa mwezi ya kumi," alisema. "Sitaki mutoto yangu bamupikie samaki ya boîte, ya mu kopo, siku ya ndoa. Nitaingia mu pori. Lakini sikio ya kushoto inaimba depuis zamani, na docteur anasema nikipiga bunduki tena bila kitu, na ile ingine itaanza kuimba. Chagua moja. We njo fundi."

Maneno hayo ya mwisho aliniambia pia miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilivishika viwambo vile, nikavirudisha upesi juu ya kitambaa bila kuvikagua. Akadhani ni ugonjwa.

Jumatatu, 13 Mei

Upepo wa kusini. Sikufanya lolote.

Jumapili, 19 Mei

Kasonde alileta bunduki yenyewe, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Haijatoka chini ya kitanda chake tangu mwaka wa sabini na nne. Nilimwomba atoe risasi zote na kunionyesha chumba chake cha risasi kitupu. Alicheka: "Bado unaogopa." Naam, bado.

Kiwambo cha kwanza ni kirefu, chepesi, kizuri kwa macho. Lakini tundu lake ni la risasi ndogo kuliko ya Kasonde. Risasi yake ingekipasua. Hata kama tundu lingetosha, urefu ule mbele ya mtutu ungemchosha bega porini na kumshika kwenye vichaka. Cha pili ni kifupi, kizito, cha chuma, na nusu yake inarudi nyuma juu ya mtutu, kwa hiyo uzito haukai wote mbele. Meno yake ya kukazia yanalingana na meno niliyoyachonga mwenyewe kwenye mtutu ule.

"Hiki," nilisema. "Cha kwanza ni cha kuangalia tu."

"Sawa vile bibi ya pili ya ule jirani Floribert," alisema Kasonde. Alima alicheka jikoni.

Kisha akauliza, akitazama nje: "Na ile ya zamani, ile ulinitengenezea, uliiweka wapi?"

"Niliitupa."

Kiko juu ya kabati langu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kimezama katika grisi.

Jumanne, 21 Mei

Ramadhani imeanza. Daktari amenikataza kufunga. Ninanusa futari ya wengine.

Jumatano, 5 Juni

Baridi. Asubuhi majani yalikuwa na weupe wa umande mzito, na ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akichoma nyasi. Nilikaa juani na shuka mbili, macho nusu wazi, nikamwona Mulenga akipita uani. Alivaa ile kofia yake ya mfanyakazi wa reli. Hakuniangalia. Alipita tu, moshi ukamfuata, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani akarudi kukichukua.

Mulenga ni muloko wake Kasonde, mdogo wake wa tumbo moja. Amekufa tangu Septemba 1974.

Alhamisi, 20 Juni

Idi. Bijou alituletea maandazi. Ni msichana mrefu, ana paji la uso la mama yake. Alinionyesha orodha ya watakaokaa mbele siku ya ndoa. Mahali pa mama pameandikwa jina la shangazi yake.

"Mama hawezi kukanyaga kwetu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema kuwa leo ni Alhamisi. "Bazee ba ukoo batakimbiza posa, ndoa haitakuwa."

Kisha akaniuliza: "Papa Abibu, weye ulimujua. Alikuwa muntu wa namna gani?"

Nilisema alikuwa mtu wa kutoa. Nikashindwa kuongeza.

Ijumaa, 21 Juni

Leo nitaandika yote. Mkono ukichoka nitapumzika na kurudi.

Mwaka wa sabini na nne nilikuwa mkerezaji katika karakana ambayo Mgiriki mmoja aliiacha. Watu waliniita Fundi Unywele, kwa sababu walisema ninaweza kupasua unywele kwa mashine. Jina hilo lilinilevya kuliko pombe ambayo sijawahi kuinywa. Kasonde alipotaka kiwambo, nilimtengenezea. Ilikuwa Ramadhani. Siku ya mwisho ya kazi ile, saa kumi alasiri, nilipitisha ufito wa chuma ulionyooka ndani ya kiwambo na mtutu pamoja, kupima njia ya risasi, kama inavyopasa. Ufito haukupita katikati. Ulikaribia ukingo wa tundu la kisahani cha mwisho, pale risasi inapotokea, upande mmoja, ukabakiza unene wa karatasi tu. Maana yake ni kwamba meno niliyoyachonga ndani ya kiwambo hayakukaa sawasawa na mtutu. Ilinipasa kuvunja kazi na kuanza upya. Lakini Kasonde alikuwa amesimama mlangoni, na karibu naye wanafunzi wangu wawili, wakisubiri Fundi Unywele aseme neno.

Nilisema: "Iko muzuri."

Kasonde na Mulenga waliingia pori la kaskazini, ng'ambo ya Kinsevere. Siku ya tatu Kasonde alimlenga paa. Mulenga alikuwa mbali upande wa kulia, mahali ambapo risasi haina kazi. Risasi iligusa kisahani, ikapinda, ikamwingia Mulenga chini ya kwapa. Hakufika barabarani.

Walioandika kwenye ofisi waliandika ajali. Lakini wazee wa ukoo wao hawakuandika chochote, waliuliza. Kasonde hakosi. Mkono wake unajulikana kutoka hapa mpaka mtoni. Basi risasi iliyotoka njiani ilisukumwa na kitu kilichovunjika nyumbani. Kwao, mwindaji akiwa porini, moto wa jiko lake hauzimwi wala hautolewi kwa mtu. Mke anakaa na moto huo mpaka mume arudi. Wakamwuliza mke wake, Agnès. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Kunda, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikatazwa. Uani alikuwa Agnès. Naye hakujua kusema uongo. Akasema: ndiyo, nilitoa makaa.

Aliyeyaomba ni mke wangu Kulthumu. Viberiti vilikuwa vimepotea madukani, jiko letu limezimika, na jua linatua. Sisi hatukujua mwiko wao. Agnès aliujua, lakini alimwona mwenzake amesimama na kigae mkononi na watu wenye saumu nyumbani. Akampa makaa matatu. Futari ile niliila mimi.

Walimrudisha kwao Kipushi na godoro na sufuria moja. Bijou alikuwa na miaka minane. Akabaki kwa baba yake.

Kasonde aliniletea bunduki niifiche mpaka moyo wake utulie. Nilikifungua kiwambo, nikakitazama juani. Kwenye kisahani cha mwisho palikuwa na kovu jipya linalong'aa, umbo la ukucha wa kidole gumba. Nililijua papo hapo. Nikakifunga ndani ya kopo, na bunduki nikamrudishia mwaka ule ule.

Kulthumu aliishi miaka sita tena, akiamini kwamba aliua mtu kwa makaa matatu. Mara nyingi alinishika mkono akaniuliza: "Abibu, inawezekana?" Nami nikasema Mungu ndiye ajuaye.

Hili ndilo jambo lenyewe. Mungu alijua, na mimi nilijua.

Jumamosi, 22 Juni

Nililala mchana kutwa.

Jumatano, 10 Julai

Kasonde amejaribu kiwambo porini. Alirudi amefurahi kama kijana: "Muzee, inapiga sawa vile muntu anapiga mikono mara moja. Mbawala ya pili inabaki tu kula majani, haijue kama mwenzake alianguka." Bega haliumi, sikio halikuongeza wimbo.

Bunduki alikuwa ameiegemeza ukutani, kiwambo bado kimekazwa mbele yake, siku tatu baada ya kupiga. Nilikasirika.

"Kitoe kiwambo."

"Kitalegea nikikitoa kila siku."

"Kitaoza usipokitoa. Moshi wa baruti unaacha maji ndani, na maji yale yanashuka mu mtutu. Unakitoa kikipoa, unafuta mtutu, unakisimamisha mdomo chini juu ya kitambaa mpaka kikauke. Masizi unasugua na brashi. Mafuta kidogo mu meno, kidogo tu. Na mbele ya kupiga, kila mara, unaangalia kama kimekazwa."

"Na ule ufito wako?"

Alikumbuka ufito. Nilisema tutaupitisha siku nyingine, nimechoka. Alikitoa kiwambo polepole. Ndani ya meno palikuwa na kutu tayari, nyekundu, laini, kama poda ya mti wa mkula.

Jumapili, 28 Julai

Majivu ya nyasi yanaanguka uani kama manyoya. Alima anayafagia, yanarudi. Mulenga alikuja tena. Safari hii alikaa juu ya kiti cha Kasonde, kofia magotini. Nilimwambia, nitasema. Akawa anasikiliza kitu kingine, mbali, labda treni.

Jumanne, 6 Agosti

Nilijaribu. Kasonde alikuja na karanga, nikamwambia: "Siku ile ya Mulenga..." Akanikatiza.

"Muzee, acha. Nitakuambia kitu sijaambia muntu. Mi sikuamini ile mambo ya moto. Hata siku moja. Nilifikiri ni mukono yangu njo ilitetemeka. Lakini bazee basema ni Agnès, na mi nikanyamaza. Ningesema nini? Nikisema hapana, basi ni miye niliua muloko yangu."

Tulikula karanga. Miaka hii yote nilimwona kama mtu mgumu aliyemfukuza mke kwa sababu ya mkaa. Kumbe tulikuwa wawili tuliojificha nyuma ya mwanamke mmoja. Tofauti ni kwamba yeye hakujua nini hasa anakikimbia; mimi nilijua. Nilipaswa kusema wakati ule ule. Nikakohoa, Alima akaleta maji, Kasonde akaondoka.

Alhamisi, 22 Agosti

Damu kidogo kwenye kitambaa. Joto linaanza kurudi.

Jumapili, 1 Septemba

Nilimwambia Alima kwanza. Nilidhani ndiye mwepesi.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema: "Mama alikufa na ile makaa mu roho."

"Najua."

"Ulikuwa unalala naye kitanda kimoja."

"Najua, Alima."

Akainua ungo, akaingia ndani. Chakula cha mchana alikiweka mbele yangu, akarudi jikoni. Jioni alirudi na kopo la maziwa, ameliteremsha kutoka juu ya kabati, akaliweka juu ya daftari hili.

"Kesho nitaita Papa Kasonde. Usipomwambia, nitamwambia miye."

Jumatatu, 2 Septemba

Kasonde alikuja saa nne asubuhi, na bunduki, akidhani ninataka kuikagua. Jua lilikuwa jekundu kwa moshi. Nilimwambia apitishe ufito kwanza katika kiwambo kipya. Aliupitisha mwenyewe: ulipita katikati kabisa, nafasi sawa pande zote, kama mwezi ndani ya kisima. Alitabasamu.

Kisha nikafungua kopo, nikafuta grisi, nikampa cha zamani.

"Pitisha na hapa."

Alikikaza, akapitisha. Ufito uligusa ukingo. Akautoa, akaurudisha, akageuza bunduki kuelekea mwanga. Akaingiza kidole kidogo kwa mbele mpaka kikafika kwenye kisahani cha mwisho. Niliona kidole kikisimama.

"Hii ni nini?"

"Risasi ya Mulenga ilipita hapo."

"Ulijua lini?"

"Ufito niliujua kabla hujaenda. Kovu nililiona uliporudi."

Aliuliza maswali mawili tu mengine. Kama wanafunzi wangu walijua: hapana. Kama Kulthumu alijua: hapana. Akafungua kiwambo cha zamani, akakitia mfukoni, akafunga bunduki ndani ya blanketi. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Sijapata kuona mikono imetulia namna ile.

Hakuniaga. Kwetu hapa hata mgomvi humwaga mgonjwa.

Jumanne, 3 Septemba

Hakuna mtu.

Jumapili, 8 Septemba

Hakuna mtu. Moshi.

Ijumaa, 13 Septemba

Bijou alipita barabarani. Alisimama mbele ya lango, akatazama ndani, akaendelea.

Alima ananisemesha tena, ila kuhusu dawa na supu tu.

Jumatano, 18 Septemba

Nilikuwa juani, katika ile hali ambayo siyo usingizi, na mwanamke akaingia uani akiwa na kikapu. Nilidhani ni mmoja wa wafu wanaonijia. Lakini huyu alikuwa na kivuli, na kandambili zake zililia juu ya changarawe.

"Hodi, Papa Abibu. Ni miye, Agnès."

Amenenepa kidogo. Huko Kipushi anavusha sukari na sabuni kutoka upande wa pili, anajulikana na askari wote wa mpaka. Kasonde alimfuata kwa lori, akampa kile kiwambo mkononi, akamwambia yote akiwa amesimama. Hakukubali kurudi naye. Alikuja peke yake baada ya wiki.

Nilianza maneno niliyoyatayarisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza askari, nadhani.

"Papa, miaka kumi na moja. Mutoto alianza damu ya mwezi, sikukuwa. Alipata malaria, sikukuwa. Banasema mu soko: ule njo mama wa makaa."

"Ninakuomba msamaha."

"Msamaha iko mbali. Kwanza iko kazi." Akasogeza kiti. "Ulisema kwa Alima, ulisema kwa Kasonde. Banasema unaandika na mu cahier, mu daftari. Bazee bale balinifukuza balikuwa saba. Batano bangali bazima. Bakae, na useme mbele yabo, na kinywa, mi nikiwa pale. Usipoweza kutembea, batakubeba."

"Watanibeba."

"Sawa."

Nilimwuliza kama atarudi kwa Kasonde. Alicheka, mara ya kwanza.

"Kwa bwana, hapana. Ataniletea nini, masikio yake? Nitarudia mutoto."

Siku zote nilimkumbuka kama mwanamke mpole aliyeonewa. Hivyo ndivyo nilivyotaka kumkumbuka. Mpole hadai.

Jumapili, 29 Septemba

Walinibeba juu ya kiti cha mikono, vijana wanne, Bijou akitembea kando na mwavuli dhidi ya jua. Wazee watano chini ya paa la bati la Stanislas, mkubwa wao, ambaye haoni tena. Niliwasimulia kuhusu unene ule wa karatasi moja. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikawabidi wanyamaze wote, hata kuku walifukuzwa.

Kiwambo kilipita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliingiza kidole. Stanislas alikaa nacho muda mrefu kuliko wote, akisugua kovu kama mtu anayesoma.

Akasema: "Hii iko kazi ya chuma. Haiko kazi ya moto."

Mwingine akasema mwiko ulivunjwa vilevile. Stanislas akamjibu: "Ulivunjwa, alipaswa kulipa kuku moja. Tulimulipisha mutoto." Kisha akaelekeza uso upande ambao Agnès hakuwapo, akasema: "Mama Bijou, tulikosa."

Watu wakamgeuza taratibu mpaka akamwelekea, akasema tena.

 

Ijumaa, 4 Oktoba

Siwezi kukaa. Alima ananishikia daftari. Mawingu yanakuja kila alasiri, yanasimama juu yetu, yanaondoka bila kutoa kitu.

Jumatano, 9 Oktoba

Zamani Kasonde aliniletea shingo ya kila mnyama, sehemu ya fundi. Na kwa kuwa alijua dini yangu, alisema bismillahi kabla ya kufyatua, ili niweze kula. Wenzake walimcheka. Leo mlango uligongwa, Alima akarudi na shingo ya mbawala ndani ya majani ya mgomba.

"Hakuingia," alisema. "Amesema nikuambie: alisema ile neno yako mbele ya kupiga. Na kiwambo alikitoa, alikifuta, kiko kinakauka."

Nililia kidogo. Sikuona haya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ndoa ya Bijou. Ninaandika mistari michache, mengine Alima ataniandikia nikimtajia.

Asubuhi na mapema niliwekwa mlangoni, juu ya mito. Sufuria kubwa zilikuwa zimekwisha kupangwa katika ua wa Kasonde, mawe matatu matatu, kuni tayari, na hakuna moto. Wanawake walisimama wakingoja. Kwao, siku ya ndoa, moto wa kwanza huwashwa na mama wa bibi arusi. Agnès alitoka katikati yao amevaa kitenge kipya. Alikuwa na kiberiti, mimi nilikiona, kimechomekwa kiunoni. Hakukishika.

Alivuka njia, akaingia kwetu, akiwa na kigae mkononi. Alisimama mbele ya jiko letu, ambapo shingo ilikuwa inachemka.

"Alima," alisema, kwa sauti ya kusikiwa mpaka ng'ambo, "unipe moto."

Alima akamchagulia makaa matatu. Agnès akapita mbele yangu, akapunguza mwendo, akainamisha kigae kidogo ili nione wekundu wake. Kisha akavuka, ukoo mzima ukimtazama, akainama kwenye mawe ya kwanza, akapuliza.

Ni saa tisa alasiri sasa. Ngoma zimesimama, kwa maana kuna upepo. Alima anasema nifunge macho. Ninamwambia angoje. Tone la kwanza limegonga bati.